Nukta moja, dakika ya kumi na nne

Kazi yangu ni kuwasikiliza watu wasionijua wakiongea, kisha kuandika walichosema. Watafiti wanarekodi mahojiano, wananitumia faili, navaa hedifoni, napiga chapa. Saa moja ya sauti hunila saa tano, au sita kama kuna upepo kwenye maikrofoni, au jogoo aliyeamua naye kuhojiwa. Huu ni mwaka wa tisa. Nimekosea mengi, lakini sijapata kukosea kitu kidogo kama kile cha mwezi uliopita kikaleta balaa kubwa namna ile.

Anayehoji ni msichana, anayehojiwa ni mzee, fundi mwashi. Msichana anauliza: "Babu, na yule mwenye nyumba, alikulipa?" Mzee anajibu. Mimi nikaandika: "Alinilipa." Nukta, mstari mpya, nikaendelea na safari.

Siku tatu baadaye mtafiti akanipigia. "Dada, hebu rudi dakika ya kumi na nne na nusu. Usisome ulichoandika. Sikiliza tu."

Nikasikiliza. Mzee alipofika mwisho wa neno, sauti ilipanda kidogo tu, kama mtu anayeinua nyusi. Kikafuata kimya. Kisha akacheka kwa pua. Hakuwa akijibu swali, alikuwa analirudisha kwa mwenyewe: Alinilipa? Mimi? Mzee wa watu hakuona hata senti. Na kwenye jedwali la mtafiti, kwa nukta yangu ile, alikuwa keshahesabiwa upande wa waliolipwa.

Kiswahili hakina huruma hapa. Zipo lugha ambazo ukitaka kuuliza unageuza mpangilio wa maneno, kwa hiyo hata mwandishi aliyesinzia ataliona swali. Sisi tunayo "je", lakini nani anaisema kila mara? "Umekula" na "Umekula?" ni herufi zilezile, zimepangwa vilevile. Kazi yote inafanywa na koo, na kwenye karatasi koo lote hilo linawakilishwa na kijiti kilichopinda chenye nukta chini yake.

Tangu siku hiyo nimepata maradhi. Kila alama ninayoiandika naiuliza umebeba nini, umeacha nini njiani.

Chukua zile sauti za mdomo uliofungwa. Nina karatasi niliyoibandika ukutani juu ya kompyuta, maana bila hiyo ningeziandika leo hivi, kesho vile. Mh, ya kushangaa. Mmh, ya "naam, endelea". M-m, ya kukataa, yenye mkato katikati, na kistari hicho ndicho chote nilicho nacho cha kuuonyesha. Mmmh ndefu inayoteremka, ya mtu aliyeonjeshwa umbea mtamu. Watu wawili wanaweza kukubaliana, kukataana na kumsengenya wa tatu bila mdomo kufunguka hata mara moja, nami natakiwa nitoe nakala.

Halafu kuna kusonya. Sauti ile inavutwa kwa ndani, kati ya meno na ulimi, na hakuna herufi yetu inayoijua. Vijana kwenye simu wanaandika "mxiuu", na naona hapo herufi x, ambayo Kiswahili sanifu hakikuipa kazi yoyote, imejipatia ajira. Mimi kwenye nakala rasmi siruhusiwi. Naandika ndani ya mabano ya mraba: [anasonya]. Tazama nilichofanya. Sauti imenishinda, nikaikimbia, nikaandika wazo lake.

Kumbe walioanza kuandika walianzia hapo nilipokimbilia. Kwenye mabamba ya udongo ya Uruk, kusini mwa nchi tunayoiita Iraki, yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, kuna shayiri, kuna kondoo, kuna bia, na idadi ya kila kimoja. Ni hesabu za ghalani. Picha ya suke la shayiri haikuambii mwandishi alilitamkaje, kama vile alama ya mwanamke kwenye mlango wa choo isivyokuambia useme neno gani. Unaelewa, unaingia, basi.

Mambo yanaharibika ukitaka kuandika kitu kisicho na umbo. Mshale unauchora. Uhai je? Wasumeri, wenyeji wa huko Uruk, walipata njia, na kwangu mimi njia hii ni ugunduzi mkubwa kuliko mabamba yenyewe. Kwa lugha yao mshale uliitwa "ti". Neno la uhai nalo lilisikika "ti". Basi wakachora mshale wakimaanisha uhai. Siku alama ilipokubali kuachana na mshale wake na kubaki sauti tupu, ikawa inawezekana kuandika lolote mdomo unaloweza kulisema: majina ya watu, malalamiko, mashairi, uongo.

Wanaolia kwamba vijana wanaua lugha kwenye simu wangekaa hapa kidogo. "Wa2 wengi." "M2 wangu." "2po pamoja." Hiyo 2 imechukuliwa kwa jina lake la Kiingereza, ikavuliwa hesabu, ikabaki "tu". "Cjui" nayo imeichukua c kwa jina lake, "si". Ni mshale wa Wasumeri uleule, ila sasa unarushwa kwa kidole gumba. Mimi binafsi mtindo huo siupendi, unaniumiza macho, na mtoto wa dada yangu anajua kwamba akiniandikia "cjui" simjibu. Lakini uvivu siwezi kuuita.

Na tarakimu ikirudi kwenye kazi yake ya kawaida inafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona mpaka juzi. Nikiandika "watoto 5", wewe umesoma "watano". Nikiandika "vitabu 5", umesoma "vitano". "Miti 2", miwili. "Saa 2", mbili. Hebu rudi utazame: hakuna mahali nimeandika wa-, wala vi-, wala mi-. Umezitoa mfukoni mwako. Tena unajua pa kuacha, maana kwenye "watoto 6" hukusema "wasita", lakini kwenye "watoto 8" umesema "wanane" bila kuulizwa. Mfaransa akiiona 5 ileile atasema neno lake, Mjerumani lake, na wote watatu tutakuwa tumeelewa kitu kimoja. Tarakimu haina lugha. Tunaivisha kila mtu nguo za kwao, na sisi nguo zetu zina ngeli.

Wengi wanadhani mwandiko wa Kichina wote ni wa namna hiyo, kila alama picha ya wazo. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofafanuliwa alama ya mama, 妈. Kushoto ni mwanamke, 女. Kulia ni farasi, 马. Nilijaribu kumtafutia huyo farasi uhusiano na mama, nikafikiria kubeba, nikafikiria mgongo, nikajiona nina akili. Hakuna. Farasi yupo kwa sababu tu kwa Kichina anaitwa "ma", na mama ni "ma", kwa toni tofauti. Upande mmoja unakunong'oneza sauti, upande wa pili unakuonyesha ni "ma" ipi. Sehemu kubwa ya alama za Kichina zimejengwa kwa mtindo huo wa nusu sikio, nusu jicho.

Wamisri wa kale nao walikuwa na farasi wao. Picha ya nyumba kwao ilibeba konsonanti mbili, p na r, kwa kuwa vokali hawakuziandika. Nyumba yenyewe ni p-r. Kutoka nje nako ni p-r. Sasa msomaji afanyeje? Wakamwekea miguu miwili inayotembea mwishoni mwa neno. Miguu hiyo haitamkwi. Ipo imesimama tu, kama shangazi kwenye kikao, kukujulisha neno hili ni la upande gani. Kwa karne nyingi watu wa mbali waliyatazama maandishi yale wakaamini ni mafumbo matupu yasiyo na sauti, mpaka mwaka 1822 Jean-François Champollion alipoonyesha kwamba picha nyingi pale ni za kusomwa kwa mdomo.

Miguu ile ya Wamisri imerudi. Dada yangu aliniandikia wiki iliyopita: "Nitakuua 😂". Uso ule hausomwi kwa sauti. Umesimama mwishoni ukisema neno hili ni la upande wa utani, na bila huo ningefunga mlango kwa komeo. Emoji 176 zilizotoka Japani mwaka 1999 kwa ajili ya simu ndizo watu wengi wanazozikumbuka kama mwanzo, na jina lenyewe ni la Kijapani, "e" ni picha na "moji" ni herufi. Lakini mwaka 1982 mwalimu wa kompyuta wa Marekani, Scott Fahlman, alishapendekeza wenzake waandike :-) kila wanapotania, kwa sababu mizaha ilikuwa inachukuliwa kuwa habari za kweli. Nilipolisoma hilo nilimfikiria yule mzee. Angewekewa uso mmoja tu mwishoni, wa kuinua nyusi.

Herufi zetu hizi tunazoziona kavu, zisizo na picha, nazo zina wanyama ndani. A ni kichwa cha ng'ombe. Ipindue miguu juu, utaona pembe mbili. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, huko Sinai, watu waliosema lugha ya Kisemiti, jamaa ya Kiarabu na Kiebrania, waliazima namna ya Kimisri ya kuchora, wakaipunguza mpaka ikabaki alama chache, kila picha ikisimamia sauti ya kwanza ya jina la kilichochorwa. Ng'ombe alikuwa alifu. Maji yalikuwa mem, na mawimbi yake bado yamo kwenye M. Jicho lilikuwa ayn, likaja kuwa O. Wagiriki walipozipokea kutoka kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo, walikuta baadhi zinasimamia sauti za kooni wasizokuwa nazo, wakazifanya vokali. Kwa Kiarabu alifu iliendelea kupungua, pembe zikaisha, ikabaki mstari mmoja umesimama. Kwa hiyo tunapomsema mtu hajui alifu kwa kijiti, kijiti hicho ni ng'ombe aliyekonda.

Nimemtaja ng'ombe mara nyingi makusudi, kwa ajili ya kile kikoma cha juu. Kitoe, uone. Ng'oa ni kung'oa jino. Ngoa, bila kikoma, ni wivu, kama mtu anavyolia ngoa. Kibodi ya simu yangu inakichukia kikoma kile na kukitupa kila inapopata nafasi.

Kabla ya herufi hizi Kiswahili kiliandikwa kwa zile za Kiarabu, kwa karne kadhaa. Zipo barua za Kiswahili kutoka Kilwa zilizoandikwa mwaka 1711, zimehifadhiwa Goa, India. Nilipoanza kuchunguza mwandiko huo kwa ajili ya udadisi tu, nilichanganyikiwa. Kiarabu kina irabu tatu, sisi tano, kwa hiyo e na i zilitumia alama moja, o na u moja. Herufi ya p haikuwepo, wengi waliandika b. Na ile m au n inayotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa. Sasa fikiria: kwa utaratibu huo neno moja lililoandikwa lingeweza kusomwa mbili, au mbele, au pili, au pele. Ukiwa umetumiwa barua inayosema mtu ana hicho kitu, ungetaka kujua mapema ni kipi.

Lakini walisoma. Walisoma vizuri tu, tena tenzi za mamia ya beti. Kwanza msomaji alijua lugha, na sentensi inakataa pele mahali pa mbele. Pili, shairi lina mizani: kipande kikitaka mizani nane na wewe umepata saba, umesoma vibaya, rudi. Vina navyo vinakubana mwishoni. Yaani kilichoachwa na herufi kilikuwa kimeshikwa na wimbo. Baadaye waandishi wa pwani waliongeza nukta na alama za kuitofautisha p na b, na za kuitoa e kwenye i, na matokeo yake yanasomeka hata na mimi, mgeni. Sijui kwa nini tunaiona habari hii kama ya makumbusho. Hao walikuwa wanaandika, wanalipana madeni, wanatongozana.

Zikaja herufi za Kirumi, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasawazisha tahajia, na hapo ndipo tulipopata ile kauli tunayoisema kwa majivuno kwamba Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ni karibu kweli. Mimi ninayekula kwa kazi hii nasema karibu.

Barabara. Umesoma nini? Kama umesoma njia ya magari, mkazo umeuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra. Kama umesoma "sawasawa kabisa", umeuweka nyuma zaidi, baRAbara. Kwenye karatasi ni mapacha. Mbuni: ndege asiyeruka ni silabi mbili, mbu-ni. Anayebuni mitindo ni silabi tatu, m-bu-ni, na m yake imesimama kwa miguu yake. Na tembo! Wazee wa pwani wakimtaja mnyama wanatoa pumzi baada ya t, wakikitaja kinywaji hawatoi. Ukiwawekea kiganja mbele ya mdomo utaisikia hewa. Tahajia yetu haikuiona hewa hiyo kuwa na maana ya kutosha, ikaiacha nje, na wengi wetu tuliojifunzia vitabuni tumeipoteza hata mdomoni. Hilo ndilo linalonikereketa. Kisichoandikwa hakifi siku hiyohiyo, lakini kinaanza kukohoa.

Ndiyo maana nawapenda waliounda mwandiko kwa kusikiliza kwanza. Mfalme Sejong wa Korea alikamilisha herufi zake mwaka 1443, zikatangazwa 1446, na baadhi ni picha za kinywa chenyewe: ㄴ ni ulimi umegusa juu ya meno, ㅁ ni mdomo. Ni kama mtu ameandika maelekezo ya kutengeneza sauti badala ya jina la sauti. Sequoyah, Mcherokee, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, aliyekuwa hajui kusoma Kiingereza, alikamilisha alama 86 mwaka 1821, karibu kila moja silabi nzima. Baadhi ya maumbo aliyaona kwenye vitabu vya Wazungu akayachukua bila kujali yalikuwa yanasema nini huko yalikotoka: kwake umbo la D ni "a", la W ni "la". Na Solomana Kanté, mwaka 1949, aliunda mwandiko wa N'Ko kwa lugha za Kimande za Afrika Magharibi na akaipa alama za toni, kwa sababu kwenye lugha zile kupanda na kushuka kwa sauti kunabadilisha neno. Hakukiacha kitu hicho kwa msomaji akikisie. Angekuwa ndiye ananukuu faili zangu, mzee angekuwa salama.

Nakala nimeisahihisha. Mtafiti alipendekeza kwamba, ili kusiwe na utata tena, niandike tu "Hapana". Nikamwambia mzee hakusema hapana. Akasema, "Lakini alimaanisha hapana." Nikasema ni kweli, ila mimi nalipwa kwa alichosema. Tukavutana kidogo, kwa heshima, mpaka tukaafikiana:

"Alinilipa?" [kimya, sekunde 4] [anacheka kwa pua]

Kabla ya kuituma nilikirudia kipande kile mara moja zaidi, sauti nimeifungulia mpaka mwisho. Kwenye zile sekunde nne za kimya, kwa mbali, mtu anagonga tofali kwa mwiko. Kugonga kunasimama mzee anapocheka, kisha kunaendelea. Hilo sikuliandika.